Kutoka TASAF hadi Mkopo wa Asilimia 10: Mwongozo Kamili kwa Familia za Kipato cha Chini

Tangu mwaka 2018, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kinaitaka kila halmashauri ya Tanzania Bara itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na kuikopesha bila riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Pamoja na hayo, ukipita mtaani jioni utamkuta mama muuza mboga anahesabu marejesho ya kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kali, na riba imeshaupita mtaji wenyewe. Mtajie mkopo wa halmashauri, atakujibu kwamba ule ni wa wenye watu wao.

Malalamiko hayo yana mizizi. Mwaka 2023 serikali iliisimamisha mikopo hii baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi na vikundi vingine ni hewa. Ikarudi mwaka 2024 ikiwa na utaratibu mpya na uhakiki mkali zaidi. Lakini vikundi vingi vinavyokwama havikwami kwa kukosa mjomba ofisini. Vinakwama kwa sababu watu walikimbilia fomu kabla hawajawa kikundi, na waliandika kiasi wanachotaka kabla ya kupiga hesabu ya kukirejesha. Kwa hiyo hapa fomu inakuja katikati, haiji mwanzo.

Kwanza, linda kaya isianguke

Familia ambayo haina uhakika wa mlo wa kesho haifai kukimbizwa kwenye mkopo, hata usio na riba. Mtaji utaliwa, na hakuna wa kumlaumu. Kwa kaya ya namna hiyo, pa kuanzia ni TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulioanzishwa mwaka 2000, ambao ndio umebeba Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Mpango ulizinduliwa mwaka 2012, na kipindi chake cha pili kikazinduliwa Februari 2020.

Ndani yake kuna ruzuku ya fedha, ambayo hulipwa kwa mizunguko ya miezi miwili na sehemu yake hufungwa na masharti: mtoto aende shule, mdogo apelekwe kliniki. Kuna ajira za muda, ambapo mtu mwenye nguvu kutoka kaya ya mlengwa hufanya kazi ya jamii kwa ujira hadi siku 60 kwa mwaka, kama kuchimba lambo, kutengeneza barabara ya kijiji au kupanda miti. Na kuna kukuza uchumi wa kaya, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, mafunzo, na kwa baadhi ya kaya ruzuku ya uzalishaji.

Wengi wanakosea hapa: TASAF haina fomu ya kuombea. Huendi ofisini ukajiandikisha. Utambuzi unapofika kwenu, mkutano wa hadhara wa kijiji, mtaa au shehia ndio unaojadili vigezo vya umaskini na kutaja kaya. Kaya zilizotajwa zinajaziwa dodoso kuhusu nyumba, mali, chakula na watu wanaotegemewa. Majibu yanachujwa na mfumo wa kompyuta, kisha orodha inarudi mkutanoni isomwe na kuthibitishwa. Hivyo kazi yako ni kuhudhuria mikutano yote miwili. Ukitajwa kwenye wa kwanza na jina lisisomwe kwenye wa pili, nyanyua mkono palepale, na jambo liingie kwenye muhtasari. Usipopata jibu, peleka lalamiko kwa Kamati ya Usimamizi ya Jamii, kisha kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri.

Kwenye dodoso, sema ukweli. Anayeficha mbuzi wake wanne anasahau kwamba majirani wamekaa benchi moja naye mkutanoni. Na mtu akikuambia utoe elfu ishirini akuingizie jina, hana uwezo huo. Namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113.

Walio tayari ndani ya mpango mara nyingi wanasahau mambo mawili. Mtoto wa kaya ya mlengwa anapoomba mkopo wa elimu ya juu HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, hali hiyo inahesabika, kwa hiyo taarifa za kaya zitunzwe vizuri na namba ya kaya ya TASAF iandikwe sahihi kwenye maombi. La pili ni kikundi cha akiba. Watu wanakichukulia kama mzigo wa kila wiki, kumbe ndicho kitakachowafungulia hatua inayofuata. Kaya ikiambiwa imehitimu, yaani inatoka kwenye mpango, huwa kuna manung'uniko, nayaelewa. Ila kaya iliyohitimu ikiwa na kikundi chenye daftari safi ina nafasi nzuri ya mkopo wa asilimia 10 kuliko watu wengi walioajiriwa wanavyodhani.

Kwa walioko Zanzibar, TASAF inafika huko pia, lakini asilimia 10 ninayoieleza hapa ni ya Bara. Huko uliza ZEEA, wakala wa uwezeshaji wananchi kiuchumi. Mzee aliyefikisha miaka 70 aulizie Pensheni Jamii, iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na kupandishwa hadi 50,000 mwaka 2023.

Pili, ujuzi wenye cheti

Sitakaa sana hapa. Kijana anayetaka kushona, kuchomelea au kufunga umeme aulize chuo cha ufundi cha VETA kilicho karibu kuhusu Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, ambayo ina mafunzo ya uanagenzi, yaani kujifunza ufundi kazini, yanayogharamiwa na serikali. Nafasi hutangazwa kwa vipindi, na zikitangazwa hujaa haraka.

Aliyejifunza gereji au chini ya mwembe kwa fundi mkongwe asianze upya. Aulizie urasimishaji wa ujuzi: VETA wanampima kwa vitendo, wanamwongezea kinachopungua, kisha anapata cheti. Cheti hicho ukikiweka kwenye maombi ya mkopo, anayehakiki anaona kwamba kikundi kina fundi, na si watu watano wanaotarajia kujifunza kwa fedha ya umma.

Tatu, kikundi

Kikundi cha wanawake au cha vijana kinaanzia watu watano. Watu wenye ulemavu wanaweza kuwa wawili, na mmoja asiyeweza kupata wenzake anaweza kuomba peke yake. Kuhusu umri wa vijana, usijifute mwenyewe kwa kuwa umepita 35. Kanuni zimekuwa zikibadilika, muulize Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ukomo unaotumika sasa.

Wapi pa kuwapata hao watano? Usianze kwa kutangaza kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Utapata watu 40 asubuhi na jioni hujui nani ni nani. Anzia pale ambapo fedha tayari inazunguka: kikoba, mchezo wa kupeana, kikundi cha kuzikana. Pale unajua nani huleta hela siku yake na nani lazima apigiwe simu mara tatu. Halafu kaeni mjiulize maswali ambayo kwa kawaida watu wanaona haya kuyauliza:

- Nani kati yetu anadaiwa na kausha damu sasa hivi? Si kwa kumwaibisha. Fedha ikiingia, yule anayegongewa mlango kila jioni atashawishika kuigusa. Aidha amalize deni kwanza, au asiwe mweka hazina.
- Nani anatarajia kuhama, kuolewa mkoa mwingine, kurudi kijijini kulima?
- Je, mume au mke nyumbani anajua? Mkopo unaofichwa nyumbani hujulikana siku ya kwanza ya kuchelewesha marejesho, na hapo ugomvi unakuwa wa kikundi kizima.
- Wangapi hapa watafanya kazi kwa mikono yao, na wangapi wanaweka jina tu?

Swali hilo la mwisho ndilo la kuua au kuponya. Kikundi chenye wawili wanaofanya kazi na watatu wa kujazia idadi ndicho CAG anachokiita kikundi hewa, hata kama wote ni majirani wema. Na jina likishakuwa kwenye mkataba, deni ni la mwenye jina. Mwanamke aliyeombwa "weka sahihi tu shoga, tutimie watano" atatafutwa siku ile wenzake wamezima simu.

Watu wengi hudhani kikundi kikubwa ndicho kitapewa mkopo mkubwa. Mimi napendekeza watano hadi saba. Kumi na tano hawawezi kukutana kila wiki bila watatu kuwa na msiba na wawili kuwa na mgonjwa, na faida ikigawanywa kwa kumi na tano inabaki nauli.

Mkishapatana, kaeni miezi kadhaa mkichanga kabla ya kuomba chochote. Siku moja ya wiki, saa ileile, kiasi kilekile, hata kama ni shilingi 2,000. Daftari liwe la kaunta lenye jalada gumu, na kila ukurasa uonyeshe tarehe, waliofika, aliyechanga na kiasi, aliyekopa, faini, salio, na sahihi za watu wawili chini. Kosa likitokea, lipigwe mstari mmoja na kuandikwa upya pembeni. Usichane ukurasa wala kupaka rangi nyeupe. Afisa akifungua daftari la namna hiyo huhitaji kumweleza kwamba nyie ni waaminifu.

Nne, katiba na karatasi nyingine

Steshenari karibu na ofisi za halmashauri huuza katiba iliyotayari, unabadilisha jina la kikundi tu. Inakubalika kusajilia, lakini siku ya mgogoro haisaidii, kwa sababu imeandikwa kwa ajili ya kila mtu. Chukueni hiyo kama kiunzi, kisha mwongeze vifungu ambavyo katiba za kununua huviruka: mwanachama akifa, nani anabeba sehemu yake ya deni na mafao yake yanaenda kwa nani, akihama, anaondoka na nini, mashine ikinunuliwa, stakabadhi inaandikwa jina la nani na mashine inalala nyumba ya nani, faida inagawanywa lini, kabla au baada ya marejesho, na asiyefika kazini wiki mbili bila sababu anafanywa nini. Bishaneni sasa, wakati hakuna fedha mezani.

Karatasi zenyewe ni hizi: barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi na kuchagua viongozi, orodha ya wanachama yenye namba za NIDA, simu na sahihi, katiba, kisha cheti cha usajili wa kikundi ambacho halmashauri hutoa kupitia Idara ya Maendeleo ya Jamii. Baada ya cheti, mnafungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi yenye watia sahihi zaidi ya mmoja.

Angalieni majina. Ukiwa Mwanahawa kwenye NIDA, Mwanaawa kwenye laini ya simu na Mama Shabani kwenye orodha ya kikundi, mfumo utakuona watu watatu. Kabla ya kwenda steshenari, kila mtu alete kitambulisho au namba yake, katibu anakili herufi kwa herufi. Kazi ya nusu saa inayookoa wiki za kurudishwa.

Kama bidhaa yenu ni sabuni, mafuta ya kupaka, unga wa lishe au chakula cha kufungasha, pitieni SIDO, shirika la viwanda vidogo, mapema mkawaulize kuhusu ubora na alama ya TBS, shirika la viwango. Duka la jumla haliwezi kuweka sabuni isiyo na lebo, na huo mlango mkiukosa mtabaki kuuziana wenyewe.

Tano, andiko la mradi na hesabu yake

Andiko halihitaji Kiswahili kigumu. Kurasa tatu au nne zinatosha: nyie ni nani, mnafanya nini sasa, mnataka kununua nini na kwa bei gani, mtamuuzia nani, mtarejesha vipi. Bei zitoke kwenye proforma (karatasi za bei) za maduka, zisitoke kichwani. Lakini moyo wa andiko ni hesabu ya marejesho, na wengi huifanya kinyume. Huanza na kiasi wanachotamani, halafu wanatengeneza mauzo ya kukifikia.

Tuchukue mfano wa wanawake watano wanaoshona sare za shule. Bei ni za mfano, wewe weka za sokoni kwenu. Wanataka shilingi 6,000,000 kwa ajili ya vyerehani vitatu, ovaloki (mashine ya kufunga kingo za kitambaa) moja na majora ya vitambaa, warejeshe kwa miezi 12. Hiyo ni 500,000 kila mwezi.

Sare moja kamili wanaiuza 18,000. Kitambaa, uzi, vifungo na zipu vinakula 10,000. Umeme na nauli ya kufuata vitambaa, tuseme 1,000. Inabaki 7,000. Gawanya 500,000 kwa 7,000: lazima washone na kuuza sare 72 kila mwezi ili kulipa deni tu, kabla mtu hajanunua hata kilo ya sukari. Sasa kila mmoja anataka walau 100,000 ya nyumbani, nazo ni 500,000 nyingine. Zinakuwa sare 143.

Kwa siku 26 za kazi, ni sare tano au sita kwa siku. Watu watano wanaziweza. Kwenye karatasi mradi umefaulu, na wengi hufunga daftari hapa, wakapeleka andiko.

Swali lenyewe ni: nani ananunua sare 143 mwezi wa Aprili? Sare zina msimu. Desemba na Januari mafundi hawalali, shule zikikaribia kufunguliwa Julai kunakuwa na kazi kidogo, lakini miezi ya katikati ni kuziba tu magoti ya suruali zilizochakaa. Marejesho hayana msimu, yanakuja kila mwezi yakiwa 500,000 ileile. Kikundi kinachopata mkopo mwezi wa Februari kitakutana na deni kwenye miezi yake mikavu kabisa, na kufika Juni watakuwa wanalipa kwa kuuza ovaloki.

Njia za kutoka zipo, na ndizo anayehakiki anataka azione kwenye andiko. Ya kwanza, punguza mkopo. Vyerehani viwili na ovaloki kwa 3,600,000 ni marejesho ya 300,000, yaani sare 43 kwa mwezi badala ya 72. Ya pili, omba muda mrefu kama utaratibu wa halmashauri yenu unaruhusu: 6,000,000 kwa miezi 18 ni kama 333,000 kwa mwezi. Ya tatu, jaza miezi mikavu na kazi nyingine ya mashine zilezile: mapazia, mashuka, ovaroli za mafundi, sare za kwaya. Ya nne, panga maombi yenu ili fedha ije karibu na msimu. Hilo la mwisho hamlimiliki sana, maana halmashauri hutoa kwa ratiba yake, lakini mnaweza kuuliza dirisha linafunguliwa lini na kujiandaa.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa mradi wowote. Wafuga kuku wa nyama waweke vifo vya vifaranga na bei ya chakula siku inayopanda, na wasiandike kwamba kila banda litatoka na kuku wote. Wa kuku wa kienyeji waweke chanjo ya kideri, vinginevyo hakuna mradi. Mama lishe waweke siku za mvua. Ukiona hesabu inafanya kazi kwa sharti kwamba hakuna kitu kitakachoharibika, bado haijakamilika.

Ongezeni ukurasa mmoja wa soko: majina ya shule, maduka au migahawa mliyoongea nayo, na barua hata moja ya mwalimu mkuu inayosema atachukua sare 30. Karatasi hiyo moja ina uzito kuliko kurasa mbili za "soko ni kubwa sana na mahitaji ni mengi".

Sita, maombi yanavyopita

Siku hizi maombi hupitia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Wezesha Portal. Kama hamna mwenye simu janja au hamjui kupandisha nyaraka, nendeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kuwasaidia ni sehemu ya kazi yake na hakuna malipo. Mkienda steshenari, hakikisheni nenosiri mnabaki nalo nyie, na namba ya simu iliyoandikishwa ni ya mwanachama, isiwe ya kijana wa steshenari. Ujumbe wa kurudishwa maombi ukienda kwenye simu ya mtu mwingine, mtasubiri hadi mzeeke.

Maombi huanza kuchambuliwa ngazi ya kata, yanapanda halmashauri, na uhakiki unafanyika pia ngazi ya wilaya. Wahakiki watakuja kuona. Siku hiyo mwanachama yeyote anaweza kuulizwa, si mwenyekiti tu: mnaomba kiasi gani, mtanunua nini, rejesho la mwezi ni ngapi, mlichanga kiasi gani wiki iliyopita. Kikundi ambacho anayejua majibu ni mtu mmoja kinaonekana kama biashara ya mtu mmoja iliyovaa nguo za kikundi, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Kabla ya siku hiyo, ulizaneni maswali hayo kwenye kikao hadi yule mkimya kuliko wote ayajibu bila kumtazama katibu.

Baadhi ya halmashauri zilichaguliwa kuanza kutoa mikopo hii kupitia benki mwaka 2024, miongoni mwao majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, Manispaa ya Songea na Kigoma Ujiji. Ukiwa huko, uliza mapema ni benki gani na dirisha gani, usije ukafungua akaunti pasipotakiwa.

Mkipunguziwa kiasi, msikubali papo hapo wala kukataa kwa hasira. Ombeni siku mbili mrudie hesabu. Ukiomba 6,000,000 ukapewa 2,500,000, na mradi ulihitaji mashine ya 4,000,000, fedha hiyo haiwezi kufanya ulichoandika. Badilisheni mradi rasmi kwa barua, au ombeni mpewe kwa ajili ya malighafi pekee. Hatari ni kuchukua na kusema "tutajua mbele ya safari". Mkiombwa chochote ili faili litembee, ile namba ya 113 inahusu hapa pia.

Saba, fedha ikishaingia

Someni mkataba kabla ya kusaini, mtu mmoja asome kwa sauti na wote wasikilize. Tafuteni tarehe ya rejesho la kwanza, kiasi, mahali pa kulipia, na nini kinatokea mkichelewa. Kila mwanachama abaki na nakala.

Siku ya manunuzi waende watu wawili au watatu, akiwemo fundi. Cherehani kikaguliwe dukani kwa kushona kitambaa kilichokunjwa mara nne, si karatasi ya muuzaji. Ovaloki ijaribiwe ikiwa na uzi wote, na muuzaji aonyeshe namna ya kuutia, maana hapo ndipo wengi hukwama wakirudi nyumbani. Daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la kikundi. Mkirudi, andikeni kwenye daftari namba ya kila mashine na pigeni picha. Chenji ikibaki, irudi akaunti siku ileile. Chai ya kusherehekea kila mtu ajinunulie.

Kuna kishawishi kimoja kinachowaangusha wengi: kugawana. "Milioni sita, watu watano, kila mtu milioni moja na laki mbili, afanye chake." Inasikika kama haki. Kinachofuata ni biashara tano zisizo na daftari, mbili zinakufa, na wale watatu waliobaki wanalipia wenzao hadi wanachoka. Mkopo ulitolewa kwa mradi mmoja. Kugawana ni kuvunja mkataba siku ya kwanza.

Nane, marejesho, na siku mkikwama

Msingoje mwisho wa mwezi. Kwa rejesho la 500,000, kikundi kinahitaji kuweka pembeni karibu 125,000 kila wiki, na ziingie akaunti ileile ambayo mwanachama mmoja hawezi kutoa fedha peke yake. Lipeni benki au kwa kumbukumbu namba mliyopewa, na stakabadhi ibandikwe kwenye daftari. Usimpe afisa fedha taslimu mkononi hata kama ni mtu wa kanisani kwenu au swafu moja msikitini. Yeye akihamishwa, ninyi mnabaki na deni lisilo na ushahidi wa kulipwa.

Mambo yakiharibika, iwe ni mashine imeungua, mwenzenu amelazwa au soko limebomolewa, nendeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii kabla ya tarehe ya rejesho, siyo baada. Pelekeni barua, muhtasari wa kikao, picha, na pendekezo lenu: kwa mfano, miezi miwili mlipe 150,000, kisha mrudi kwenye kiwango. Lipeni kitu, hata kidogo. Kikundi kinacholipa nusu na kuandika barua ni kikundi chenye shida. Kikundi kilichozima simu ni kikundi cha wadaiwa sugu, na jina hilo mtalikuta likiwasubiri mkirudi kuomba tena.

Na kwa namna yoyote ile, msikope kausha damu ili kulipa halmashauri. Mtakuwa mmebadilisha deni lisilo na riba kwa deni linalozaa kila jioni.

Tisa, kazi za serikali

Hili ndilo vikundi vingi havilijui kabisa. Sheria ya Ununuzi wa Umma inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Humo mna chakula cha vikao, usafi wa ofisi, ovaroli za wafanya usafi, mapazia ya wodi, madawati, kufyeka barabara. Zile sare zisizo na wanunuzi Aprili, mashine zake zinaweza kushona mashuka ya kituo cha afya.

Kuingia humo, kikundi kinasajiliwa kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa njia ya mtandao, na Idara ya Maendeleo ya Jamii ya halmashauri ndiyo inayoanza nanyi. Muulizeni afisa: tumeshasajiliwa kama kikundi maalumu kwa ajili ya zabuni, na kama bado, kinatakiwa nini? Mtahitaji TIN (namba ya mlipakodi) na akaunti ya kikundi.

Anzeni na zabuni ndogo. Malipo ya serikali yanaweza kuchukua muda baada ya kukabidhi kazi, kwa hiyo msiweke mtaji wote kwenye oda moja huku rejesho la mwezi linakuja. Kikundi chetu cha mfano kikipata oda ya mashuka 200, kitenge vyerehani viwili kwa oda hiyo, na mashine ya tatu iendelee kushona vya kuuza taslimu, ili zile 125,000 za wiki zisikatike wakati hundi bado iko kwenye meza ya mhasibu.